Mgeni Aulizwe Anakuja Kufanya Nini, Si Anasali Wapi

Tunduma ni mji wa kupita. Malori yenye shaba ya Zambia na Kongo yanateremka kwenda Bandari ya Dar es Salaam, yenye mafuta na mbolea yanapanda, treni ya TAZARA inavuka, na watu wa kawaida wanavuka kwa miguu kutwa nzima kati ya Tunduma na Nakonde. Wanyamwanga wana shangazi na wajomba pande zote mbili. Mji wa namna hii haukosi habari za wageni, na hilo si la kushangaza. Kinachonikera ni kwamba habari hizo siku hizi zinavishwa dini. Zinasemwa vijiweni, ndani ya basi la Mbeya, na wakati mwingine na watu wenye kipaza sauti mbele ya waumini. Chache zina punje ya ukweli, na hizo ndizo zinazodanganya wengi. Nazijibu hapa moja baada ya nyingine.

"Serikali haina dini, kwa hiyo dini haihusiki na uhamiaji."

Nusu ya kwanza ni kweli. Ibara ya 3 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inaitaja nchi yetu kuwa isiyokuwa na dini. Nusu ya pili inaanguka ukifungua tu sheria. Sheria ya Kuratibu Ajira kwa Wageni ya mwaka 2015 ina daraja la kibali, daraja D, lililowekwa kwa ajili ya wageni wanaofanya shughuli za dini na za hisani katika taasisi zilizosajiliwa. Upande wa ukaazi, mmisionari anaangukia daraja C, pamoja na wanafunzi, watafiti na watu wa kujitolea. Na wizara inayosimamia Idara ya Uhamiaji ndiyo hiyohiyo yenye Msajili wa Jumuiya, anayesajili makanisa na taasisi za Kiislamu, na ndiyo hiyohiyo inayoshughulikia wakimbizi. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi inashika mlango wa mpaka na daftari la madhehebu kwa pamoja. Atakayesema dini haihusiki basi hajawahi kufuatilia faili la padri au shehe mgeni.

Wala jambo hili halikuanza na Uhuru. Watu wa Mbozi wanapaswa kulijua kuliko wengine. Wamoravian wa Kijerumani walifika Rungwe mwaka 1891, na kabla karne ile haijaisha walikuwa wameshafika Mbozi. Ilipofika 1916, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imeingia nyanda hizi, Waingereza waliwakamata wamisionari hao na kuwaondoa. Hawakuondolewa kwa kosa la mahubiri. Waliondolewa kwa sababu ya pasi zao. Kazi yao ikaja kushikwa na Waskoti wa misheni ya Livingstonia, ambao tayari walikuwa na kituo Mwenzo, karibu na Nakonde ya leo. Hati ya udhamini ya mwaka 1922, ambayo Umoja wa Mataifa wa wakati ule uliwapa Waingereza ili waitawale Tanganyika, ilikuwa na kifungu cha 8 kinachowapa wamisionari wa nchi wanachama haki ya kuingia, kusafiri, kukaa, kumiliki mali na kufungua shule. Ujerumani haikuwa mwanachama, kwa hiyo Wamoravian wale walisubiri mpaka 1925 ndipo Wajerumani wakaanza kuruhusiwa kurudi, na vita vya pili vilipowaka wakawekwa kizuizini tena. Kanisa lilikuwa lilelile na injili ileile, lakini mlango ulifunguliwa na kufungwa na dola kufuatana na vita na mikataba.

Kwa hiyo swali la "dini ihusike au isihusike" limepitwa na wakati. La kuuliza ni namna gani dola isiyo na dini inamshughulikia mtu aliyekuja kwa ajili ya dini. Jibu liko ndani ya Katiba, na nashangaa halisemwi mara kwa mara. Ibara ya 17 inampa raia haki ya kwenda anakotaka, kutoka nchini na kuingia. Ibara ya 19, inayohusu uhuru wa imani, inampa kila mtu. Soma hayo mawili pamoja. Mgeni akishakuwa ndani anaabudu kwa uhuru kama mimi na wewe, lakini imani yake haimpi haki ya kuingia. Kuingia ni kwa ruhusa, na ruhusa inatolewa kwa kazi anayokuja kuifanya.

"Mtumishi wa Mungu hahitaji kibali."

Hili husemwa na baadhi ya wachungaji wenyewe, na linawaponza. Tazama linavyotokea. Kanisa linaandaa mkutano wa injili. Mhubiri anaalikwa kutoka Kitwe. Bango linachapishwa, spika zinakodiwa, gari la matangazo linazunguka mitaa ya Sogea na Majengo wiki nzima. Siku ikifika, mhubiri anaingia kwenye kituo cha pamoja cha mpakani, kile kilichozinduliwa na Rais Magufuli na Rais Lungu mwezi Oktoba 2019. Kwa utaratibu wa kituo hicho, anayetoka Zambia anamalizana na maofisa wa nchi zote mbili ndani ya jengo moja upande wa Tunduma. Anagongewa muhuri wa kutoka, anasogea hatua chache hadi dirisha la Tanzania, na anaulizwa anakuja kufanya nini. Anajibu: matembezi. Mzambia hahitaji viza kuingia kwetu, na mwenyeji wake amemwambia neno hilo ndilo linalopita haraka. Anapita kweli. Jioni yuko jukwaani akihubiri, na kuanzia hapo amekiuka masharti aliyoingilia. Shahidi wa kwanza dhidi yake ni bango la mwenyeji wake, lenye picha na jina lake.

Hapo hakuna dola inayopiga vita Ukristo. Kuna mtu aliyesema uongo mdogo mbele ya ofisa kwa sababu mwenyeji alikuwa mvivu wa kufuata karatasi. Misafara ya wahubiri wa Kiislamu wa Tabligh inayolala misikitini iko chini ya sheria hiyohiyo: msikiti ujulikane, mwenyeji aandike barua, mgeni aseme kweli kuhusu safari yake. Nimesikia Waislamu wakidai wao tu ndio wanaoulizwa maswali mengi, na walokole wakidai hivyohivyo. Dawa ya malalamiko yote mawili ni moja: masharti yaandikwe kwa Kiswahili, yabandikwe ukutani, na yamhusu kila mtu.

Nasema hivyo nikiwa na sababu, maana upande wa dola nao haujawa safi siku zote. Mwaka 2018 ilijulikana hadharani kwamba Idara ya Uhamiaji ilikuwa ikichunguza uraia wa Askofu Severine Niwemugizi wa Jimbo Katoliki la Rulenge-Ngara, ambaye muda si mrefu kabla ya hapo alikuwa amezungumza wazi kuhusu haja ya katiba mpya. Watu wengi waliunganisha mambo hayo mawili, na hawawezi kulaumiwa. Wakazi wa mipakani, iwe Ngara au Momba, wana ndugu ng'ambo, na swali la uraia likitupwa kwao linauma kuliko linavyomuuma mtu wa Dodoma. Swali hilo likimfikia kiongozi wa dini baada ya kusema neno la siasa, kila askofu na kila shehe wa mpakani anajifunza kunyamaza. Dola isiyo na dini haitakiwi kuwa na silaha ya namna hiyo.

"Ng'ambo ni nchi ya Kikristo, kwa hiyo Mkristo ana njia na Mwislamu hana."

Tarehe 29 Desemba 1991 Rais Frederick Chiluba aliitangaza Zambia kuwa taifa la Kikristo, na mwaka 1996 tamko hilo likaingizwa kwenye utangulizi wa katiba. Ni kweli, basi, kwamba ukivuka kutoka Tunduma kwenda Nakonde unatoka nchi isiyo na dini unaingia nchi iliyojitaja kuwa ya Kikristo. Lakini angalia tamko hilo limewafanyia nini watu wa dini wenyewe.

Mwaka 2016 Zambia iliunda wizara maalumu ya maadili ya taifa na mambo ya dini. Mwaka uliofuata, 2017, ikamfukuza nchini nabii wa Kinigeria aliyejulikana kwa jina la Seer 1, Mkristo wa kujitangaza, mwenye wafuasi wengi. Ukristo wa taifa haukumpa kinga yoyote. Rais Hichilema alipoingia madarakani mwaka 2021 wizara hiyo ikavunjwa, na mpaka haukubadilika kwa chochote. Hata jirani zangu wafanyabiashara Waislamu wanaovuka kwenda Nakonde wanaulizwa yaleyale ya siku zote: kadi ya homa ya manjano, pasi, mzigo wenye risiti.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Kenneth Kaunda. Baba yake, David Kaunda, alitoka Nyasaland, Malawi ya leo, akatumwa na misheni ya Livingstonia kwenda kuhubiri kwa Wabemba, akajenga kituo cha Lubwa, Chinsali, kwenye barabara hiihii inayotoka Nakonde kwenda Lusaka. Alikuwa mhamiaji wa dini kamili. Mwanawe akaja kuwa rais wa kwanza wa Zambia na kuitawala miaka 27. Ndipo ikaja katiba ya 1996, hiyohiyo iliyoandika Ukristo kwenye utangulizi, ikaweka sharti kwamba mgombea urais lazima wazazi wake wote wawili wawe Wazambia. Kaunda akazuiwa kugombea. Machi 1999 Mahakama Kuu ikatamka kwamba hana uraia wa Zambia, na ulirudishwa baadaye. Katiba iliyolitaja jina la Kristo ndiyo iliyomfanya mtoto wa mhubiri kuwa mgeni katika nchi aliyoizaa. Mwenye kudhani kwamba dola ikijipachika dini itawatendea vizuri watu wa dini hiyo, na alitafakari hilo.

"Waethiopia wanaokamatwa kwenye malori ni mpango wa kueneza dini fulani."

Hapa naomba msomaji awe na subira nami, kwa sababu hili ndilo dai lenye sumu.

Kila mtu wa mkoa wetu wa Songwe amewahi kuwaona au kusikia habari zao: vijana wembamba, midomo imekauka, wametolewa chini ya turubai au nyuma ya magunia, wamekalishwa chini kwenye mstari wakisubiri gari la polisi. Hawajui Kiswahili wala Kiingereza cha kutosha. Na kwa kuwa hawawezi kujieleza, watu wanawaelezea. Mmoja anasema ni Waislamu wanaoletwa kuongeza idadi. Mwingine anasema ni magaidi.

Wengi wa vijana wa Ethiopia wanaopita njia hii wanatoka kusini mwa nchi yao, hasa Hadiya na Kembata, mji mkubwa wa Hadiya ukiwa Hosaena. Huko ni ngome ya makanisa ya Kiinjili. Wapo Waislamu pia kati ya wasafiri, lakini anayedhani lori zima limejaa Waislamu amekosea karibu kabisa. Wala hawaji kukaa Tunduma. Wanakwenda Afrika Kusini, kwenye maduka ya kaka zao, na Tunduma kwao ni jina tu la mahali pa kuvukia.

Na hapa dini inahusika kweli, ila kinyume na uvumi unavyosema. Mtafiti Dereje Feyissa ameandika kwa kirefu kuhusu unabii uliotolewa kwenye mkutano wa injili mjini Hosaena mwaka 2001 na mhubiri aliyetoka ng'ambo, kwamba Mungu angewafungulia watu wa Hadiya mlango wa kusini. Wengi waliuelewa kuwa ni njia ya kwenda Afrika Kusini. Familia zikauza ng'ombe, zikakopa, zikafunga na kuomba, zikamtoa kijana mmoja akafuate mlango huo. Njaa ya ardhi, ukosefu wa kazi na siasa zilikuwepo kabla ya unabii, lakini unabii uliipa safari baraka. Kwa hiyo kijana aliyekaa chini pale barabarani, ambaye watu wanamnong'ona kuwa mpanda mbegu wa dini ya kigeni, huenda anasali usiku kwa jina lilelile linaloimbwa na kwaya ya Moravian Jumapili.

Wengine hawafiki. Juni 2012 miili ya watu zaidi ya 40 ilikutwa imetupwa porini Chitego, wilayani Kongwa, Dodoma, baada ya watu kukosa hewa ndani ya lori. Machi 2020 miili mingine 64 ikakutwa ndani ya kontena Tete, Msumbiji. Desemba 2022 miili 27 ikakutwa Ngwerere, nje kidogo ya Lusaka. Aliyewaua ni biashara ya kusafirisha watu, yenye madalali Waislamu, Wakristo na wasio na lolote. Uvumi wa dini unaifaa biashara hiyo sana, maana tukibaki kubishana kuhusu imani ya waliobebwa, mwenye lori anasahaulika.

"Makanisa na misikiti ndiyo yanayotuletea wakimbizi."

Anayesema hivi aangalie kumbukumbu. Mwaka 1964 ilianzishwa Tanganyika Christian Refugee Service, TCRS, chini ya Shirikisho la Kilutheri Duniani, kwa makubaliano ya pande tatu na serikali pamoja na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi. Warundi walipokimbia mauaji ya 1972 yakafunguliwa makazi ya Katumba na Ulyankulu, na Mishamo yakafuata mwaka 1978. Serikali ilitoa ardhi, Umoja wa Mataifa ukaleta fedha, TCRS ikachimba visima, ikajenga shule na zahanati na kupima mashamba. Aliyeongoza nchi katika mambo haya yote alikuwa Nyerere, Mkatoliki wa kusali kila siku, na mwaka 1983 alipewa Nishani ya Nansen kwa namna nchi ilivyowapokea wakimbizi. Watu hao hawakuletwa na kanisa. Waliletwa na risasi. Kanisa liliitwa na dola isiyo na dini likafanya kazi ambayo dola haikuwa na mikono ya kuifanya, na zaidi ya watu 160,000 wa makazi yale baadaye wakapewa uraia wa Tanzania.

Tena ziko nyakati ambapo dini yenyewe ndiyo inayomkimbiza mtu. Mwaka 1964 Kanisa la Lumpa la Alice Lenshina, lililoanzia Chinsali, ng'ambo ya mpaka, lilipigana na serikali ya huko na likapigwa marufuku. Maelfu ya wafuasi wake wakakimbilia Kongo. Mwaka 1967 Malawi, jirani wa Ileje, iliwapiga marufuku Mashahidi wa Yehova, na mwaka 1972 maelfu wakakimbilia Zambia. Kwa watu kama hao Sheria yetu ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inaitaja dini waziwazi kati ya sababu za kumpa mtu hifadhi. Ofisa wa wakimbizi anapomuuliza mwombaji kuhusu imani yake, anauliza ili amlinde, na nje ya chumba hicho swali hilo halina kazi.

"Basi tuwaulize wote dini zao mpakani, tujue nani anaingia."

Waliojaribu wapo. Mwaka 2015 Slovakia ilisema itapokea wakimbizi wa Syria walio Wakristo tu. Desemba 2019 India, ambayo katiba yake inajitaja kuwa isiyofungamana na dini, ilipitisha sheria ya kuharakisha uraia kwa Wahindu, Masingasinga, Wabuddha, Wajaini, Waparsi na Wakristo kutoka nchi tatu jirani, Waislamu wakaachwa nje. Maandamano na mauaji yakafuata. Nchini Marekani, Donald Trump alipokuwa mgombea aliahidi kuwafungia mlango Waislamu, na alipokuwa rais akaandika majina ya nchi badala ya dini, na Mahakama ya Juu ikaipitisha amri hiyo mwaka 2018. Januari 2020 orodha ikaongezwa, na Tanzania ikawamo: Watanzania wakafungiwa bahati nasibu ya viza, Mlutheri wa Vwawa na Mwislamu wa Pemba kwa pamoja, mpaka Biden alipoifuta amri hiyo mwaka uliofuata.

Ufaransa nayo, inayojivuna kwa kutenga dini na dola, tangu Januari 2024 haipokei tena maimamu wanaolipwa na serikali za nje. Ningeikubali hoja ya kuuliza nani anamlipa mhubiri, kama ingewahusu wahubiri wote. Kwa kuwa mzigo wote umewaangukia maimamu, siikubali.

Tanzania ilichagua njia yake mapema. Sensa ya mwisho kuuliza dini ilikuwa ya mwaka 1967. Hata lilipotokea shinikizo kubwa mwaka 2012 la kutaka swali hilo lirudishwe, serikali haikulirudisha. Kwa hiyo anayekutajia idadi ya Waislamu au Wakristo wanaoingia kupitia Tunduma ameitunga. Hakuna ofisi inayoihesabu.

Ninachoomba hakihitaji sheria mpya. Idara ya Uhamiaji ibandike kwenye kituo cha Tunduma, kwa Kiswahili kinachoeleweka, nyaraka anazotakiwa kuwa nazo mgeni wa dini na muda wa kuzipata. Wachungaji na maimamu wa Songwe wapeleke barua za wageni wao kabla ya kuchapa bango. Polisi wanaopekua lori waandike kwanza jina la mwenye lori. Nawe msomaji, mtu akikuambia dini ya vijana waliokutwa chini ya turubai, muulize amejuaje, na usiisambaze habari hiyo mpaka akujibu.